Msaidizi wa Chumba cha Miguu

Alimjua mgonjwa kwa masikio kabla ya kumwona. Chumba chetu kilikuwa mwisho wa veranda ndefu ya saruji, na kila aliyekuja kwetu ilimbidi aipite yote, kwa magongo, kwa fimbo, au kwa kujishikilia ukutani. Msaidizi angekuwa anakunja mashuka, mlango kaupa mgongo, mara aseme, "Huyu haumwi tena, anaogopa tu," au, "Huyu amevaa viatu vya mtu." Nami nilichungulia nje kuhakikisha. Mara nyingi alikuwa amepatia. Mara chache alipokosea alinuna hadi saa ya chai.

Namwita Msaidizi kwa sababu ndivyo alivyoandikwa kwenye karatasi za hospitali tangu siku nilipomkuta mpaka siku aliyostaafu: msaidizi wa chumba cha mazoezi. Watu wa kwetu hawakukiita chumba cha mazoezi. Walikiita chumba cha miguu, ingawa tulishughulika na mabega na migongo pia, na wengine walimwita yeye daktari wa miguu. Alikataa. "Daktari yuko kule," alisema akielekeza kwa kidevu. "Mimi ni msaidizi." Alilisema bila unyonge na bila majivuno, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Ilikuwa hospitali ndogo ya misheni upande wa Kiogoro, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kufua mashuka na kuandika majina kwenye kadi za wagonjwa. Mkubwa wa chumba alikuwa Sista, mzungu mrefu wa maneno machache aliyeisomea kazi hiyo kwao. Msaidizi alikuwa amekaa naye zaidi ya miaka kumi kabla yangu. Aliingia kama mfagiaji. Wanasema siku moja Sista aligeuka akamkuta amesimama na ufagio wake kwapani, mikono yake ikisogea hewani, inafuatisha mikono ya Sista iliyokuwa juu ya goti la mgonjwa. Sista akauchukua ule ufagio, akauegemeza ukutani. Mafunzo yake yalianza hapo. Hakuna aliyempa karatasi ya kuonyesha kwamba yalianza.

Mikono yake haikuwa ya kupendeza. Vidole vilikuwa vifupi, kucha zimepasuka, na kidole gumba cha kushoto hakikukunjika vizuri. Lakini ilipotua juu ya mguu wa mtu, mguu ule ulitulia. Niliona watoto waliopooza kwa polio, ambao walipiga kelele walipomwona muuguzi yeyote, wakimwachia Msaidizi mguu wao huku wakiendelea kula ndizi. Alizungumza nao wakati wote, kwa Ekegusii, mambo yasiyohusiana na ugonjwa kabisa: ng'ombe wao wanaitwaje, nani alipika jana. Mama zao aliwaita "baba", kama tunavyomwita mama kwa lugha yetu; baba kwetu ni "tata". Karani mmoja aliyetoka pwani alicheka mpaka akashika ukuta.

Alikuwako mama mmoja wa Nyaramba, Moraa, aliyeteleza na mkungu wa ndizi kichwani akavunjika paja. Mfupa uliunga vizuri, lakini baada ya miezi kitandani alikataa katakata kuukanyagia. Sista alijaribu. Mimi nilibembeleza. Alishika zile bomba mbili za chuma tulizofundishia kutembea na kusimama pale kwa mguu mmoja kama kuku wa mvua, machozi yanamtoka. Msaidizi akamwita mumewe pembeni.

"Kesho mletee jembe lake."

"Jembe? Hapa hospitali?"

"Lake mwenyewe. Usilete lako."

Jembe likaletwa, mpini umelainika kwa mikono ya mwenyewe. Msaidizi akamtoa Moraa nje mpaka kwenye kitalu cha maua cha hospitali, ambacho kilikuwa kimejaa magugu, akampa jembe, akamwacha. Kweli alimwacha. Alikuja kusimama nami dirishani.

"Ataanguka," nilisema.

"Ataangukaje na ameshika jembe?"

Moraa alikaa ameuegemea ule mpini muda mrefu. Halafu tukamwona anatazama chini. Lilikuwako gugu moja kubwa, karibu kabisa, na nadhani lilikuwa linamkera. Akalipiga jembe. Likagoma. Akasogea ili alipige tena, na mguu ule uliokataa kwa majuma ukaenda hatua moja mbele bila mtu kuuomba. Msaidizi hakushangilia. Aliniambia tu niandike kwenye kadi.

"Niandike nini?"

Alifikiri. "Andika: amepalilia."

Kwa wagonjwa hakuchoka, lakini kwa ndugu zao alikuwa mkali hadi watu wakamwogopa. Akimwona kijana anambeba baba yake mgongoni kuvuka uwanja, angempigia kelele toka mbali: "Mteremshe! Ukimbeba leo utambeba mpaka mzeeke nyote wawili!" Na nyumbani kwake hakuwa na mamlaka yoyote ya namna hiyo. Mkewe aliumwa mgongo miaka yote niliyowajua, na hakukubali mumewe amguse. Alikwenda kwa bibi mmoja jirani aliyekanda kwa samli. "Huyu ataniambia niiname mara ishirini," mkewe aliniambia, akicheka huku amejishika kiuno. "Yule bibi ananiambia nilale. Wewe ungekwenda kwa nani?" Msaidizi alikuwa ameketi palepale, anakunywa uji.

Huyu mtu ambaye hakuogopa kidonda wala kilio aliogopa karatasi. Alikuwa amesoma madarasa manne. Kalamu aliishika kwa nguvu mno, na aliposaini jina lake alitoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, akiona aibu, akigeuka ili nisimwone.

Na alikuwa mzee wa kanisa. Sisi ni Wasabato, yeye na mimi na karibu kila mtu wa kijiji changu, na kanisa letu lilikuwa jengo dogo la mabati ambamo yeye ndiye aliyefundisha somo la Sabato asubuhi kwa zaidi ya miaka niliyoweza kukumbuka. Lakini mchana wa Sabato hiyohiyo, akiwa na shati lake jeupe na viatu vya kanisani, alipanda kilima mpaka hospitali kuwanyoosha miguu watoto. Wazee wenzake walinung'unika. Nilimsikia mmoja akimwambia mlangoni kwamba Sabato ni ya kupumzika.

"Na mguu wa mtoto nao upumzike?" alimjibu. "Ukipumzika siku moja, unakaza siku tatu."

Nimeyataja hayo kwa sababu bila kuyajua mtu hawezi kuelewa kilichotokea.

Mwaka fulani ilikuja barua. Chuo cha Nairobi kilikuwa kinafundisha kazi yetu kwa miaka mitatu, na aliyemaliza angeandikwa kwenye daftari la serikali, apewe cheti na namba. Siku za usoni, barua ilisema, asiye na namba hangeruhusiwa kumshughulikia mgonjwa bila msimamizi. Waliofika kidato cha nne wangefanya mtihani wa kuingia. Na kwa mwaka huo mmoja tu, wasaidizi waliofanya kazi muda mrefu wangeruhusiwa kuufanya mtihani uleule hata kama hawakufika huko. Sisi wa misheni tulitakiwa tupeleke barua mbili zaidi: moja ya mkubwa wa kazi, nyingine ya wazee wa kanisa, kwamba mwombaji ana tabia njema.

Sista aliisoma mara mbili kwa sauti. Mara ya pili alikuwa anamwangalia Msaidizi.

Tulisoma pamoja miezi minne, saa ya chakula cha mchana, juu ya kitanda cha wagonjwa, kitabu katikati yetu. Mimi nilimfundisha majina, yeye alinifundisha mikono. Majina yalikuwa ya Kiingereza na mengine ya Kilatini, marefu, na aliyatamka kwa ulimi wetu, kila moja akiliongezea irabu mwishoni mpaka likasikika kama jina la kijiji. Kila alilojifunza aliligusa kwanza mwilini mwake. Jioni aliyarudia akitembea kwenda nyumbani, hatua moja jina moja, na watu wa njiani wakafikiri anasali. Kwa upande wangu, alinifunga macho kwa kitambaa, akanipa mguu wa mgonjwa, akaniuliza, "Nini hiki chini ya kidole chako?" Nikikosea aliniambia, "Tena." Hakuwahi kuniambia nimekosea. Ni tena tu.

Jioni moja alifunga kitabu, akasema kana kwamba anazungumza na kitabu chenyewe, "Nikienda Nairobi nitakuwa mwanafunzi mwenye mvi." Alitabasamu. Sijawahi kumwona mtu mzima akitaka kitu namna ile.

Barua ya pili ilitaja siku. Mtihani ungekuwa Kisumu, saa tatu asubuhi, na tarehe yake. Msaidizi aliuliza, "Hiyo ni siku gani?" Sista akainuka kuangalia kalenda ukutani. Alikaa pale akiiangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona siku.

Ilikuwa Jumamosi.

Sista aliandika akaomba. Alisema Msaidizi na mimi tufungiwe chumbani toka asubuhi, tukiwa na mlinzi, tusionane na mtu, tupewe karatasi jua likishazama. Jibu lilirudi na mistari miwili: watahiniwa wote watafanya mtihani siku moja, kwa wakati mmoja. Na mwaka uliofuata, tulijua, mlango wa wasaidizi ungekuwa umefungwa.

Nilimkabili siku ya Jumatano, tukiwa tunakunja mashuka.

"Lakini Sabato unakuja hapa. Unafanya kazi."

"Ile ni kwa ajili ya mtoto," alisema. "Mtihani ni kwa ajili yangu."

"Ukifaulu utasaidia watoto wengi zaidi."

"Ndivyo mtu anavyojiambia." Aliupiga upindo wa shuka, ukanyooka. "Sitakwenda, Nyaboke."

"Na mimi?"

Alikunja shuka lile mpaka likaisha, na lililofuata.

"Wewe sijui," alisema hatimaye. "Nikikuambia nenda, nitakuwa nimekubebesha mzigo. Nikikuambia baki, nimekubebesha vilevile. Uliza moyo wako."

Moyo wangu ulikuwa na miaka ishirini na ulitaka Nairobi. Ijumaa alfajiri nilipanda basi la Kisumu, nikalala kwa shangazi yangu, na Jumamosi saa tatu nikaketi kwenye dawati. Mtihani wa kuandika niliufanya kwa kichwa changu. Alasiri walituita mmoja mmoja kwa mtihani wa mikono, wakaniambia nimchunguze bega mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kiti. Nilifumba macho bila kukusudia. Mtahini akaniuliza nani alinifundisha kufumba macho. Nikasema ni Msaidizi. Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Matokeo yalikuja mapema kuliko tulivyotazamia. Nilikuwa nimefaulu. Ilibaki barua ya wazee wa kanisa, na wazee wa kanisa wakaita kikao.

Tulikaa kwenye benchi la mbele, mama yangu na mimi. Mwenyekiti aliniuliza kama ni kweli niliandika mtihani siku ya Sabato. Nikasema ni kweli. Akauliza kama natubu. Nikasema natubu, na nilikuwa nalia, lakini nadhani kila mtu mle ndani alijua kwamba kama ingekuwa tena Jumamosi ile ningekwenda. Mzee mmoja akasema jina langu liondolewe kwenye kitabu cha washiriki. Mwingine akaunga mkono. Barua ya tabia njema haikuwa na haja ya kutajwa. Ingekwenda pamoja na jina.

Msaidizi alikuwa ameketi mezani pamoja na wazee wenzake. Akasimama.

"Ni mimi niliyemwambia aende," alisema.

Huko nje mbuzi wa mtu alilia.

"Sema tena," mwenyekiti akamwambia.

"Yuko chini yangu kazini. Nilimwagiza, akatii. Kosa ni langu."

"Wewe mwenyewe hukwenda, ukamtuma binti wa mtu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliona itafaa."

Nilimwangalia. Hakuniangalia. Huyu alikuwa mtu ambaye, mgonjwa akimuuliza kama atatembea tena na jibu likiwa hapana, alisema hapana, halafu akabaki naye siku nzima. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno moja lisilo la kweli. Nilifungua mdomo. Mama yangu akaweka mkono juu ya goti langu, akalibana, akalibana sana, na mimi nikafunga mdomo.

Nimeishi miaka mingi na ule mkono gotini. Ningeweza kuuondoa. Haukuwa mzito hivyo.

Mimi nilipewa onyo na barua. Yeye alivuliwa uzee wa kanisa siku hiyohiyo, akawekwa chini ya karipio mpaka atakaposimama mbele ya kanisa zima na kutubu kwa kumtuma mtu kuvunja Sabato. Wote walitazamia kwamba angefanya hivyo Sabato iliyofuata, yaishe. Hakufanya. Wala iliyofuata hiyo. Watu walianza kusema ana kiburi. Mimi, nikiwa Nairobi tayari, nikisoma barua za mama, nilichukua muda kuelewa kilichomfunga. Angetubu nini? Lile walilotaka alitubu hakulifanya. Na lile alilolifanya, la kusimama na kusema uongo, hangeweza kulitubu bila kunivuta mimi kutoka darasani. Basi alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na somo likafundishwa na mtu mwingine.

Kanisani kwetu, kabla ya meza ya Bwana, watu hutawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, beseni na taulo. Mama aliniandikia kwamba siku hiyo ikifika, Msaidizi hutoka nje na kukaa kwenye nyasi mpaka wamalize. Sentensi hiyo niliisoma nikiwa kwenye bweni, na kitabu cha mifupa ya mguu kimefunguka mapajani. Mtu aliyeshika miguu ya nusu ya tarafa ile.

Nilifikiria kuandika. Nilijiambia nimalize mwaka wa kwanza. Kisha nimalize mtihani wa mwisho. Kisha nipate namba kwanza.

Niliporudi na cheti, Sista alikuwa anajiandaa kurudi kwao, nami nikapewa chumba. Msaidizi ndiye aliyepigilia msumari na kukitundika cheti changu ukutani. Alirudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa, jinsi alivyokagua migongo ya watu, akarudi kukisogeza kidogo kulia. "Sasa kimenyooka," akasema. Tangu siku hiyo aliniita Madam mbele ya wagonjwa. Nilimwomba aache. Alisema wagonjwa wanahitaji kujua nani ni nani.

Kila kadi ilitakiwa sahihi ya mtu mwenye namba. Kwa hiyo asubuhi alifanya kazi, na saa sita aliniletea kadi, amezipanga, nami nikasaini. Ziko mahali fulani kadi hizo, kama hazijaliwa na mchwa: viwiko na magoti na nyonga za watu alizozirudisha yeye, na chini yake, kadi baada ya kadi, jina langu.

Siku moja alikuja mkaguzi kutoka Nairobi, kijana, mtu wa adabu. Aliingia wakati Msaidizi ameshika mguu wa bibi mmoja, yuko katikati ya kuukunja. Mkaguzi akauliza, kwa kalamu yake tayari, "Mgonjwa huyu anashughulikiwa na nani?" Msaidizi akaulaza ule mguu polepole, akaondoa mikono yake, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Ni Madam," alisema.

Yule bibi akainua kichwa, akamwangalia yeye, akaniangalia mimi. "Mbona umeacha, tata? Ulikuwa unaachia." Nilikwenda nikaushika ule mguu. Bibi akasema mikono yangu ni ya baridi.

Nilikusudia kueleza tabia zake na kumbe naeleza dhambi zangu. Lakini sijui namna ya kuvitenganisha. Zipo nyingine ndogo. Alipenda chai ya maziwa mengi na alikataa sukari. Hakukubali mtu aseme "kilema" mle chumbani. Alihesabu mazoezi kwa Ekegusii, na akifika kumi alianza tena moja, hata kama ni mara mia, ili mgonjwa asijue amefanya mangapi. Alijifunza majina yale yote ya Kilatini na hakuyasahau. Miaka baada ya mtihani ambao hakuufanya, nilimsikia akimnong'oneza mama mmoja, akibonyeza paja lake, jina kamili, irabu yake ya mwisho ikiwemo.

Alipostaafu alihamia shamba lake la Nyaramba, akapanda chai. Alikufa kabla miaka ya sabini haijaisha. Kwenye mazishi mzee wa kanisa alisema marehemu alikuwa mtu mwema ambaye aliwahi kujikwaa na hakupata nafasi ya kuinuka. Mkewe, amejishika kiuno, alitazama chini. Akaulizwa kama yuko mwenye neno. Nilisimama. Nilisema alinifundisha kazi, nikaketi. Nilikuwa na sababu ya kusema hayo tu, na ni yeye aliyenipa sababu hiyo, mwaka mmoja kabla.

Nilikwenda Nyaramba bila kumpa taarifa. Mkewe alinionyesha upande wa mteremko, nikateremka kati ya mistari ya chai nikiwa na viatu vya mjini. Alikuwa anachuma, kikapu mgongoni, mgongo wenyewe umenyooka kama alivyowafundisha wengine. Tulisalimiana. Aliuliza habari za chumba, nani yuko, kama zile bomba zimeshatiwa rangi. Nilijibu. Halafu nikasema nilichokuja kusema.

"Nakwenda kwa wazee. Nitawaambia hukuniagiza. Nilikwenda mwenyewe."

Vidole vyake viliendelea: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.

"Ukiwaambia, watafanya nini?"

"Watakurudisha."

"Watasema nilisimama mbele ya meza yao nikadanganya." Alitupa majani kikapuni juu ya bega bila kugeuka. "Sasa wananijua kama mtu aliyemtuma binti kwenye mtihani. Hilo nimelizoea. Mke wangu amelizoea. Hilo lingine usitubebeshe, sisi ni wazee."

"Lakini ulidanganya kwa ajili yangu."

Tulisogea kichaka kimoja, viwili. Kule chini barabarani lori la kukusanya chai lilikuwa limefika, na wanawake wakaanza kuitana toka shamba hadi shamba.

"Ijumaa ile nilikwenda stendi," alisema. "Ya Kisii. Alfajiri."

Nilisimama.

"Nilikuwa na kalamu mbili mfukoni. Nilipofika basi lilikuwa linaondoka. Nilikuona dirishani, unatazama mbele, umekumbatia mfuko wako. Nikasema nenda." Alitazama mkono wake. "Nilisema kwa sauti. Mama aliyekuwa anauza mandazi aligeuka kuniangalia. Kwa hiyo sikudanganya. Ni vile wewe hukusikia."

Nilitaka kumuuliza kama ni kweli. Nilitaka kumuuliza zile kalamu zilikuwa za nani, kama alikuja kunipa mimi, au kama alikuja na safari yake mwenyewe akaikosa kwa dakika chache. Nilimwangalia usoni nikitafuta, na uso wake ulikuwa uleule wa siku ya kikao, umegeukia kazi.

"Lori halingojei," alisema. "Chukua mstari huo."

Nikaweka mkoba wangu chini kwenye majani, nikavua viatu, nikaanza kuchuma.